Aliniogesha Akitazama Dirisha

Wewe uliyetoka leo mbele ya daktari, ukiwa na karatasi mkononi na neno kifua limeandikwa juu yake, kaa chini kwanza. Mimi nilikaa kwenye ngazi za simenti, nje ya mlango wanakopiga picha za mapafu, nikaisoma karatasi yangu kama mtu aliyefungua barua ya jirani kwa makosa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na kwenye sanduku nusu ya riwaya. Nilidhani kifua kikuu ni ugonjwa wa watu wasiosoma.

Nimepona. Nalisema mapema ili usinisome kwa hofu. Kunywa vidonge vyako mpaka siku watakayokuambia basi, hata kama umenenepa, hata kama umesahau sauti ya kikohozi chako. Ushauri wangu wa dawa unaishia hapo, mengine waulize wenye kazi yao. Ninachotaka kueleza ni jambo ambalo hakuna daktari aliyeniuliza. Linamhusu Tata Mumba, baba wa mke wangu, na namna alivyonitendea, na namna nilivyomlipa.

Tata Mumba alitoka Mitwaba akiwa kijana, akaajiriwa kwenye tanuru za shaba hapa Lubumbashi, na akazeekea huko. Alizaa watoto saba, akawasomesha wote, hata wasichana, jambo lililowapa wenzake wa zamu kicheko cha miaka mingi. Nyuma ya baiskeli yake alifunga kiti cha mbao chenye egemeo. Mtu wa mtaa wetu wa Katuba akishindwa kutembea, alipandishwa kwenye kiti kile akasukumwa hadi zahanati, na mwenye kusukuma alikuwa Mumba, ametoka kazini bila kulala. Kila mwaka kabla ya mvua alichimba mfereji wa barabara yetu. Kazi ya lazima ya salongo ilikuwa Jumamosi, yeye alianza Ijumaa. Na kila Alhamisi, tangu kabla sijamfahamu, alikwenda pavioni, lile jengo la wagonjwa wa kifua, kuwaogesha wasio na mtu. Pavioni haikuwa na wa kukuogesha. Mgonjwa aliogeshwa na kulishwa na ndugu zake, na asiye na ndugu alimngoja Mumba.

Nilimwona mtu mwema wa kumaliza kwa sentensi moja katika kitabu. Sala yake ya chakula ilikuwa ndefu. Alirudia hadithi zake. Nilipokuwa na rafiki zangu waandishi, mjini, katika chumba kile tulichokutana Jumamosi mchana kusomeana mashairi, habari zake nilizisimulia kwa kuchekesha.

Ni lazima nieleze buko. Kwetu, buko ni watu wa upande wa mke, na mkwe naye ni buko kwao, lakini pia ni umbali unaowekwa kati yenu. Mkwe hali mbele yao. Haingii chumba wanacholala. Hawaoni wakiwa wamevua, wala wao hawamwoni. Umbali huo unafupishwa kwa siku moja: wanawake wa ukoo wa mke wanapika, wanamwingiza mkwe ndani, wanamfundisha, wanamlisha. Tangu siku hiyo anaweza kuketi nao, kula nao, hata kuwauguza. Mama wa Mwadi, mke wangu, alitaka kuipanga siku hiyo mara mbili. Mara mbili nilikataa.

“Ile ni mambo ya bazee ba pori,” nilimwambia Mwadi. “Siye tuko mu ville, mujini.”

“Pori njo ilikuzaa,” alinijibu, na akaendelea kupiga pasi.

Nililazwa mwishoni mwa kiangazi, wakati jakaranda zinapotandika maua yake barabarani na moshi wa majani yaliyochomwa unakaa juu ya mji mpaka mvua iuoshe. Suruali yangu niliishika kwa kamba. Mbavu zangu zilihesabika chini ya shati. Kitanda changu kilikuwa cha tatu kutoka mlangoni, na kando yangu alilala dereva wa lori wa njia ya Kilwa, ile Kilwa yetu ya ziwani, si ya pwani, mtu mrefu ambaye kila mtu, hata muuguzi, alimwita Shofele.

Siku ya kwanza muuguzi alimsimamisha Mwadi mlangoni. Tumbo lake lilikuwa la miezi saba.

“Mama, na ile tumbo hauwezi ingia humu. Nani ataosha bwana yako?”

“Mama yake iko Kilwa.”

“Na mvua inakuja, barabara itafunga. Basi hakuna.”

Nilisikia yote kutoka kitandani. Baba yangu alikuwa amekufa zamani. Rafiki zangu waandishi walinitumia barua nzuri, wameitia saini wote, na ndani yake waliniita askari. Hakuna aliyefika.

Homa ya usiku ilikuwa ikinilowesha kama nguo ya kufua. Kufika sindano ya nne nilikuwa nanuka, na nilijua. Sindano zile zilipigwa kila asubuhi kwenye matako, na baada ya chache masikio yangu yakaanza kulia kama panzi, na ukinisimamisha, sakafu inakimbia. Nilijaribu kwenda kuoga peke yangu nikaanguka karibu na ndoo. Shofele ndiye aliyepiga kelele kuita watu.

Alhamisi ile Tata Mumba aliingia na beseni lake. Aliwaosha wawili wa upande wa ukuta, kisha akaja akasimama kwenye miguu ya kitanda changu, amenipa ubavu, kama desturi inavyotaka.

“Buko,” alisema, “Mwadi anaomba nikusaidie.”

“Hapana, Tata. Haiwezekane.”

“Najua. Buko haiangalie buko. Bon, sitaangalia. Lakini mikono haina macho.”

Akatundika shuka kwenye kamba upande wa watu. Akaketi, uso wake akaugeuzia dirisha, na toka mwanzo mpaka mwisho hakuuondoa pale. Aliniogesha akitazama dirisha. Mikono yake ilikuwa migumu kwa kazi ya tanuru, na ilinitafuta chini ya kitambaa kama mtu anayetafuta kitu gizani katika nyumba ya mwenzake, polepole, ili asivunje. Alinisimulia habari za Katuba. Mbuzi wa fulani ameingia kanisani. Mfereji umekwama kwenye nyumba ya mwalimu. Niligeuza uso ukutani na kulia bila sauti, na alipougusa uso wangu kuupangusa alikuta maji asiyoyaleta yeye. Akaendelea na mbuzi.

“Tata Mumba,” Shofele akasema nyuma ya shuka, “unaosha muntu ao unaosha kitanda? Maji yote iko huku kwangu.”

“Nyamaza, Shofele. Wewe nitakuosha na burashi ya motoka.”

“Kwanza uangalie mahali unaosha! Huyu mutoto atabakia na masikio michafu, bibi yake atamukataa.”

Wodi nzima ikacheka, na waliocheka wakakohoa, na waliokohoa wakachekwa tena. Nilikuwa na aibu ya mwili wangu, ya harufu yangu, ya mkwe wangu kugusa mapaja yangu kama ya mtoto. Siku zile nilidhani hiyo ndiyo aibu kubwa ambayo mtu anaweza kuipata.

Alikuja kila siku baada ya hapo, si Alhamisi tu. Akitoka zamu, akinuka moshi wa tanuru, anatundika shuka, anageukia dirisha. Mvua zilianza. Uyoga wa kwanza ulipotokea alileta uliopikwa na mama wa Mwadi, akauacha juu ya kiti na kutoka nje, ili nile bila yeye kuniona nikila. Hata hilo alilikumbuka. Nilisikia akipiga soga na mlinzi mpaka nilipomaliza.

Karibu na sindano ya sitini, Mwadi alijifungua. Mimi sikuweza kutoka na mtoto hakuweza kuingia. Asubuhi moja nikasikia kioo kinagongwa. Tata Mumba alikuwa nje kwenye matope, amesimama juu ya tofali, amemwinua mtoto wa kiume aliyefungwa mpaka kidevuni. Mtoto alipiga chafya. Shofele alisema kwamba mtoto yule ana sura ya mtu atakayeendesha lori. Tulimwita Mumba.

Nakuambia haya, wewe mwenye karatasi, ili ujue kwamba mema yatakuja, na mara nyingi yatakuja kwa mtu uliyemdharau. Jiandae kuyapokea vizuri kuliko nilivyojiandaa mimi.

Nilitoka pavioni wakati wa baridi, vumbi jekundu likiwa limeanza kutua juu ya majani. Shofele alikuwa ametoka kabla yangu, amerudi kwenye lori lake. Nilikuwa na vidonge vya mwaka mzima mbele yangu na mwili wa kuazima. Nilijifunza kupanda ngazi. Niliimaliza riwaya. Rafiki zangu walinipokea mjini kwa makofi, nami nikawasimulia ugonjwa wangu. Nilisimulia homa, sindano, panzi masikioni, mtoto dirishani. Sikusimulia nani alimwinua mtoto. Sijui kwa nini. Ndiyo, najua: ilikuwa hadithi nzuri zaidi nikiwa peke yangu ndani yake.

Siku ya kumwingiza mkwe, mama wa Mwadi hakuitaja tena, nami sikuiomba.

Mvua zilizofuata ndipo Tata Mumba alipoanza kukohoa. Alisema ni moshi wa tanuru. Mwadi alimpandisha kwenye kile kiti cha baiskeli yake mwenyewe, kaka zake wakasukuma, na daktari akampa karatasi kama yangu. Nilimwuliza daktari kama ni mimi niliyempa. Alisema mtu aliyeingia pavioni miaka yote ile angeweza kuupata kwa yeyote. Yeyote. Nilitoka na neno hilo kama mtu aliyepewa ruhusa.

Watoto wake wa kiume walikuwa wawili tu mjini, wote wa zamu, na mama wa Mwadi miguu ilikuwa imevimba. Mwadi alikwenda na chakula kila mchana, lakini binti hamwogeshi baba yake. Jioni ya siku ya tatu alirudi, akaweka sufuria chini.

“Tata anaomba muntu wa kumuosha.”

Nilikuwa nikiandika. Sikuinua kichwa.

“Mimi niko buko,” nilisema. “Siku ya kuingia haijafanywa. Haiwezekane nimuone uchi.”

Aliinama akafunika sufuria.

“Ulisema ile ni mambo ya bazee ba pori.”

“Ni heshima, Mwadi. Ni desturi yetu.”

“Yeye alikuosha.”

“Yeye alichagua.”

Ukweli ni huu, na nitauandika mara moja tu. Niliogopa. Nilikuwa nikiota harufu ya ile dawa ya kusafishia sakafu, nikaamka nikijishika kifua. Nilijua kwamba nikiuvuka ule mlango hata kwa nusu saa, nitakuwa tena mtu wa kitanda cha tatu. Hofu hiyo haikuwa dhambi. Kama ningemwambia Mwadi, “Naogopa,” angelia pamoja nami, na tungemtafuta mwingine. Lakini niliificha nyuma ya adabu. Miaka ile, kwa amri ya serikali, tulikuwa tumeacha majina ya ubatizo, tukavaa mashati yasiyo na tai, na kila mtu mjini alisifu mambo ya mababu. Kisingizio changu kilikuwa cha wakati wake. Nani angenilaumu?

Nilifanya na zaidi. Jumamosi moja, Tata Mumba akiwa pavioni wiki ya tano, niliwasomea rafiki zangu shairi jipya juu ya buko: mkwe anayesimama mbali, macho chini, kwa heshima ya waliomzaa mkewe. Walisimama kunipigia makofi. Mmoja aliniita mwananchi, kama amri ilivyotaka: “Citoyen, hapa umegusa mizizi.” Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa na furaha, na hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, kwamba nilikuwa na furaha.

Mwadi aliporudi kila jioni alikuwa na maneno yaleyale: “Tata anauliza kama unakohoa.”

“Mwambie hapana.”

Siku moja tu nilifika mpaka geti, nikampa mlinzi machungwa, nikageuka.

Sindano hazikumshika. Mapafu yaliyokwisha kuliwa na moshi hayakuwa na nguvu ya kushirikiana na dawa. Wiki tano nilizokwisha kuzitaja zikawa saba, na katika ya nane, mvua ikinyesha mchana kutwa, kaka mkubwa wa Mwadi alikuja akasimama mlangoni kwetu bila kufunga mwavuli.

Kilio kilifanywa uani kwao. Watu walijaa mpaka barabarani: watu aliowasukuma kwenye baiskeli, watu wa mfereji, wazee wa tanuru, Shofele amekuja na lori zima la watu wa njia ya Kilwa. Nilikaa na wakwe wengine, mbali kidogo, kama inavyotakiwa. Siku ya tatu mama wa Mwadi alisimama kuwashukuru watu, na kwa desturi hakunitazama, alinena upande wangu.

“Na huyu buko yetu, bantu basimuhukumu. Hakuingia kumuona muzee ju muzee alimukataza. Aliniambia mimi, kwa kinywa yake: musimuache huyu mutoto aingie, mapafu yake iko mupya. Akikuja, mumurudishe. Na yeye alitii.”

Watu wakanong’ona kwa kukubali. Mzee mmoja kando yangu alinipiga goti kwa kiganja, akasema, “Kutii ni kazi.” Niliinamisha kichwa. Walidhani ni unyenyekevu.

Tata Mumba hakunikataza. Hakuniletea neno hata moja la kunikataza. Alilala pale siku zote zile akijua nimekataa, akijua kwa nini, na akatumia pumzi aliyobakiwa nayo kunishonea nguo ya kuvaa mbele ya watu wake. Nami niliivaa. Upande wa wanawake, Mwadi alikuwa ameinua kichwa. Alinitazama kwa muda mrefu. Yeye alijua nilichomjibu siku ile ya sufuria. Alikuwa akingoja nisimame niseme. Sikusimama.

Mvua zikaisha. Nikaongezeka kilo. Vidonge vyangu vilikwisha, wakanipiga picha, wakaniambia niko safi. Katuba watu walinisalimia kwa heshima mpya, yule mkwe aliyetii, na kila salamu ilikuwa kama kuwekewa jiwe mkononi. Nyumbani tulisema ya chumvi, ya mkaa, ya mtoto. Sikuandika mstari mmoja. Nikiketi mezani naona shuka limetundikwa na mtu nyuma yake anasimulia mbuzi.

Baridi iliporudi, mama wa Mwadi alituma neno. Pavioni kuna mzee wa reli hana mtu, na wengine wawili. Alhamisi zimekaa bila mwenyewe tangu Mumba aondoke. Sasa daktari amesema mapafu ya buko yamepona, basi si aende yeye?

Nilienda kwa sababu sikupata namna ya kukataa. Sitaki uniwekee sifa hapo. Mlangoni nilishika ukuta, nikahesabu pumzi kama nilivyofundishwa. Harufu ilikuwa ileile. Mzee wa reli alikuwa amebaki mifupa na masharubu. Nilimvua shati, nikaanza na mkono wa kushoto, vibaya, nikimlowesha mpaka masikio.

“Uko muntu wa nani?” aliniuliza.

“Niko buko ya Mumba.”

“Ah. Ule wa mapafu. Ule alikatazwa.”

Kitambaa kilikuwa mkononi mwangu kinachuruzika. Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimesema ndiyo kwa kunyamaza kwa miezi na miezi.

“Hapana, Tata,” nikasema. “Hakunikataza. Aliomba nikuje. Mimi nilikataa.”

Alinitazama. Kitanda cha pili waligeuka kusikiliza.

“Ju ya nini?”

“Niliogopa.”

Akafikiri, akikoroma kidogo kifuani. Kisha akanitolea mkono mwingine.

“Sugua,” alisema. “Nasikia baridi.”

Nikasugua.

Nilipofika nyumbani Mwadi alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, mtoto mgongoni. Nilimwambia pale pale, nimesimama, kabla sijavua viatu: kwamba Tata hakunikataza, kwamba ilikuwa hofu, kwamba nililitumia buko kama mlango wa kufunga, kwamba kwenye kilio nilimwacha mama yake aseme uongo mbele ya watu bila yeye kujua ni uongo.

Mwadi aliendelea kusonga mpaka ikaiva.

“Ile ya kwanza nilijua,” alisema. “Nilikuwa pale. Nilikuwa nangojea tu useme.”

Akanikabidhi mwiko, akajifunga kitenge vizuri, akatoka kwenda kwao. Nilibaki na sufuria. Mtoto alikuwa amekwenda naye. Bukari ilipoa, ikafanya ngozi. Jua lilikuwa bado halijazama aliporudi. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikaa kwenye kigoda, mbali nami.

“Nilimuambia mama yote.”

“Alisema nini?”

“Alilia. Kisha akasema, Alhamisi ingine uende tena, na usichelewe, bagonjwa banangojea.” Akamhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi mapajani. “Hiyo njo maneno ya mama. Yangu mimi bado sijasema.”